Mko kwenye grupu, mna moyo na mnataka kusaidia watoto wa shule kijijini: anzeni na kikombe cha uji

Saa nne asubuhi kengele ya mapumziko ikigonga, kwenye shule nyingi za vijijini huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania watoto wanatoka mbio kucheza, ila kuna wengine wanabaki wamejipanga ukutani upande wa jua, na mgeni akipita atadhani wanaota jua tu maana baridi ya Mufindi au Njombe mwezi wa saba inajulikana, kumbe mtoto katoka nyumbani saa kumi na mbili hajatia kitu mdomoni na hana nguvu za kukimbia. Hao wa ukutani ndo nataka tuwaongelee leo.

Naandika haya kwa sababu sisi tuliomaliza la saba pamoja tuna grupu letu la WhatsApp, tupo kama arobaini hivi, wengine Dar, wengine Mbeya, wawili wako nje ya nchi, na tumekuwa tukisaidia shule yetu ya zamani. Mwaka wa kwanza tulikosea sana. Tulichanga tukanunua sare na madaftari ya watoto sitini, tukaenda na gari, tukagawa mbele ya shule nzima, tukapiga picha tukarudi zetu mjini tumefurahi. Mwezi wa tano mwalimu mmoja akatupigia simu akasema wale watoto karibu nusu hawaonekani darasani, sare wanazo lakini wakija asubuhi na njaa mpaka saa nane mchana hawawezi, bora wakae nyumbani au waende kibarua kwa watu wapate angalau mihogo. Iliniuma. Tangu hapo tukabadilisha kila kitu, na nachoandika hapa ni vile tunavyofanya sasa hivi, mnaweza kuchukua mkarekebisha kulingana na kwenu.

Kwanza jueni tatizo lenyewe. Watu wa mjini wakisikia Iringa, Njombe, Rukwa wanawaza mahindi, viazi, maharage, parachichi, yaani mikoa inayolisha nchi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 30 kwa nchi nzima, halafu Iringa ni karibu 57, Njombe na Rukwa kama 50 kila mmoja. Chakula kipo shambani, mtoto hakipati, au anakipata cha aina moja kila siku, ugali na mboga za majani asubuhi na jioni, mama yuko shambani kwake au kibarua kwenye mashamba ya watu toka alfajiri na mtoto anaachiwa dada yake wa miaka nane. Ongeza na hili, huku kwetu UKIMWI umeacha mabibi wengi wanalea wajukuu, mpaka utafiti wa 2022/23 Njombe ilikuwa inaongoza kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa inafuata. Sasa bibi wa miaka sabini na wajukuu watano, kulima analima kwa kuokoteza tu nguvu, huyo ukimwambia achangie chakula cha shule inakuwa mtihani.

Kwa hiyo kabla hamjachanga hata shilingi, mtu mmoja au wawili waende kijijini wakae siku mbili tatu, wasiende na gari limejaa zawadi. Salimieni vizuri, kamwene (salamu ya huku) kwa kila mtu, pitieni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti mjitambulishe, halafu mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule. Na msiishie kwa viongozi. Nendeni jikoni kwa mtu, ulizeni mama mmoja mmoja jana watoto walikula nini, sio "mnakulaga nini", ulizeni ya jana, maana mtu ukimuuliza kwa ujumla atakutajia chakula cha sikukuu. Muulizeni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili daftari la mahudhurio, angalieni ni miezi gani watoto wanapungua. Kwetu tulikuta wanapungua kuanzia Desemba kushuka mpaka Machi, ndo miezi ghala nyumbani ni tupu na shambani ni palizi. Hilo daftari lilitufundisha kuliko mkutano wowote.

Sasa uji.

Watu wengi wakisikia chakula shuleni wanawaza makande kila siku, ni kitu kizuri ila pigeni hesabu kwanza. Makande ya mtoto mmoja ni kama gramu 150 za mahindi na 40 za maharage. Shule ya watoto 300 hiyo ni kilo 45 za mahindi na 12 za maharage kwa siku, mwaka wa shule una siku 194, mnaongelea zaidi ya gunia 87 za mahindi za kilo mia na gunia 23 za maharage. Grupu la watu arobaini mtakufa katikati ya mwaka na watoto mtakuwa mmewadanganya. Uji ni gramu 50 za unga kwa mtoto, sisi tunaweka 40 za dona na 10 za soya, watoto 300 ni kilo 12 za dona na kilo 3 za soya kwa siku. Mwaka mzima dona haifiki tani mbili na nusu, soya haifiki kilo 600. Hiyo inabebeka.

Na hapa ndo kwenye siri yenyewe, naomba msome taratibu. Gramu 40 mara siku 194 ni kilo 7.8 hivi. Debe la mahindi ni kilo 18 mpaka 20. Maana yake mzazi akileta NUSU DEBE tu kwa mtoto wake mmoja, amemaliza mahindi ya uji wa mwaka mzima na inabaki kilo moja na kitu ya kufidia mtoto wa yule bibi asiyeweza na ile inayomwagika mashineni. Nusu debe mwezi wa saba watu wametoka kuvuna hakuna mzazi wa kawaida anashindwa, ukimwambia alete mwezi wa pili ndo anakukimbia na ana haki ya kukukimbia.

Kwa hiyo grupu msinunue mahindi. Nawaomba sana. Mkinunua mahindi siku mkichoka (na mtachoka, watu wanahama, wanaoa, wanafiwa, wanapunguzwa kazi) uji unaisha siku hiyohiyo na wazazi watasema wafadhili wameondoka. Nyie nunueni kile mzazi hana: masufuria makubwa mawili ya lita mia, soya kama kijijini hailimwi, sukari kidogo, posho ya mpishi, pesa ya kusaga, na ghala likae vizuri. Mahindi ni ya wazazi, na mzazi aliyetoa mahindi yake atakuja mwenyewe kuchungulia jikoni kama mtoto wake amepata, huyo ni mkaguzi mzuri kuliko nyie mlioko Dar.

Hili lisemwe kwenye mkutano wa wazazi, na lisemwe na kamati ya shule, sio na nyie. Kuna watu watasimama waseme si serikali ilisema elimu bure? Wajibuni kwa heshima. Kilichofutwa kuanzia Januari 2016 ni ada na michango ya lazima, chakula wazazi wanakubaliana wenyewe, na MTOTO ASIRUDISHWE NYUMBANI wala asinyimwe uji kwa sababu mzazi hajaleta. Hili kwetu tuliliandika kwenye muhtasari wa kikao kabisa na sahihi za watu, kwa sababu tulishaona mahali watoto wasiochangiwa wanasimamishwa pembeni wanaangalia wenzao wanakunywa. Hiyo ni adhabu kwa mtoto kwa kosa ambalo sio lake, bora msianze kabisa kuliko kufanya hivyo.

Kuhusu unga. Msidanganywe na ule unga wa lishe wa nafaka kumi, ngano, mchele, ulezi, uwele, karanga, mahindi, sijui na nini, vyote vinasagwa pamoja. Mchanganyiko ule kila kitu kina muda wake wa kuharibika, na karanga pamoja na mahindi yaliyovunda kwa unyevu ndo makazi ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho ikishasagwa, kuchemsha hakuitoi, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu, watoto wakiwa wengi. Tumieni nafaka moja na jamii ya mikunde moja inatosha. Mahindi yakauke kabisa kwenye turubai sio chini kwenye udongo, yachambuliwe, yenye ukungu na yaliyobadilika rangi yatupwe mbali, sio yapelekwe kwa kuku. Yahifadhiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya vichanja, na msage ya wiki mbili mbili tu. Soya lazima ichemshwe kama nusu saa kwanza, imenywe maganda, ianikwe ikauke ndo isagwe, mbichi inasumbua tumbo na mwili haupati ile protini inavyotakiwa. Mama zetu wa jikoni hili walilishika ndani ya siku moja, mmoja akasema "mwanangu, sisi tulikuwa tunakaanga tu kidogo halafu watoto wanaharisha tunasema ni mapepo".

Mpishi apimwe afya zahanati, alipwe kwa wakati hata kama ni kidogo, na wawe wawili wapokezane maana mmoja akiumwa uji haupo. Karibu na jiko wekeni vibuyu chirizi, dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, na sabuni imefungwa kwa neti ili isipotee. Gharama yake ni ndogo mno na bila hivyo mnawanywesha watoto uji na kuhara kwa wakati mmoja. Kuhusu kuni, serikali imeshaelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo kama mnajenga jiko jengeni la nishati safi kama gesi kabisa, lile la mafiga matatu linakula mzigo wa kuni kwa siku na wanaotumwa kutafuta hizo kuni ni watoto haohao.

Uji ukishasimama miezi mitatu minne, mahudhurio yanatulia, hapo sasa ndo mnagusa afya.

Kwenye afya kuna shimo moja watu hawalioni. Mtoto chini ya miaka mitano kisera anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ila huyu wa darasa la kwanza ana miaka sita au saba, ameshatoka kwenye msamaha, na ndo huyo anatembea kilomita nne kwenda shule anaumia, anapata nimonia, anaingiwa funza. Kwa kaya ambazo kweli haziwezi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwakatia bima, ile CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa kwa vijijini ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, na kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023 na mambo yanabadilika, muulizeni mganga wa zahanati au mtendaji utaratibu na bei ya leo kabla hamjatuma hela. Angalieni ni kaya ngapi, sio watoto wangapi, maana ukikata kwa kaya na bibi mwenyewe anatibiwa, na bibi akiwa mzima wajukuu wanakula. Njia ya pili ni afisa ustawi wa jamii, huyu ana mamlaka ya kusaidia familia maskini ipate barua ya msamaha wa matibabu, na wengi vijijini hawajui hata yupo. Tulimwalika mara moja tu shuleni, familia kumi na moja zikasaidika bila sisi kutoa senti.

Mengine ni ya kuunganisha tu. Dawa za minyoo na kichocho wizara inaleta mashuleni, kazi yenu ni kuhakikisha siku hiyo uji unaiva mapema, maana dawa ya kichocho ikimezwa na tumbo tupu mtoto anatapika na kizunguzungu juu, halafu wazazi wanasema sumu na mwaka unaofuata wanaficha watoto. Chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 tangu 2024 ni dozi moja tu, ongeeni na wazazi kabla wahudumu hawajaja. Na wale wadogo zao walioko nyumbani, mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji aje siku ya mkutano wa wazazi na ule utepe wa kupima mkono, kwa mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, msimpe unga mkasema ataongezeka.

Kwa watoto wanaotumia dawa za kila siku, mnajua nazungumzia nini, msitake kujua majina. Kabisa. Grupu halihitaji kujua, mwalimu hahitaji kutangaza, uji wanakunywa wote basi kila mtu amekula na dawa inakaa tumboni. Hii ni sababu moja kubwa mimi napenda uji wa shule nzima kuliko kuchagua watoto ishirini wa kuwafadhili, kwenye kikombe hakuna mtoto anaitwa "wa msaada".

Sare, madaftari, viatu na masweta ndo vinafuata, na hapa kuchagua hakuepukiki. Orodha isitoke kwa mtu mmoja. Mwalimu wa darasa anatoa majina yake, mwenyekiti wa kitongoji ya kwake, na mama mmoja ambaye watu wanamwamini ya kwake, majina yanayotokea mara mbili au tatu hayo yanaanza. Orodha ya kaya za TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) inasaidia kuanzia ila isiwe ndo mwisho, kuna watu walikosa kuandikishwa. Kitambaa nunueni, mpeni fundi wa hapohapo kijijini ashone kwa vipimo vya mtoto, hela inabaki kijijini na sare inamtosha, kisha mtoto anaichukua kwa fundi na mlezi wake kimyakimya kama mtoto mwingine yeyote. Hakuna kuita majina mstarini.

Halafu fikirieni wa darasa la saba. Huku kwetu msichana akimaliza la saba mara nyingi kuna mtu anakuja kumtafuta aende Dar kazi za ndani, wengine wana miaka kumi na tatu. Ada ya sekondari haipo ila kuna sare mpya, daftari kubwa, godoro na sanduku kama shule ni ya mbali, na hela hiyo inatakiwa Januari pesa nyumbani hakuna, ndo mzazi anaona bora aende kazini. Sisi tunatenga fungu la Januari kuanzia Julai, na kuanzia Septemba tunaongea na wazazi wa hao wasichana mmoja mmoja, tukichelewa mpaka matokeo yatoke tunakuta mtoto ameshapanda basi. Na aliyeacha kwa ujauzito naye msimfute kwenye orodha, waraka wa elimu namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi, anachohitaji mara nyingi ni mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo.

Hela sasa, kwa sababu hapa ndo magrupu yanavunjika. Mchango uwe mdogo na wa kila mwezi, elfu kumi kumi watu arobaini ni laki nne, kwa mwaka ni milioni nne na laki nane, na haumuumizi mtu. Tumieni M-Koba (akiba ya kikundi kwenye simu) au akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi watatu, isikae kwenye laini ya mtu mmoja hata kama ni mlokole namna gani, mnampa majaribu bure. Za shuleni zipitie akaunti ya shule na kamati ya shule ijue, zingine lipeni moja kwa moja dukani kwa risiti. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina aweke kwenye grupu vitu vitatu: risiti, salio, na idadi ya vikombe vilivyonywewa kwa siku. Ile idadi ya vikombe msiidharau, siku ikishuka ghafla kuna kitu, aidha unga umepungua au umetoka kwa mlango wa nyuma au kuna ugonjwa.

Kama ni marafiki mnasaidia shule moja hamna haja ya kukimbilia kufungua shirika. Mkitaka kuchangisha watu msiowajua au kuomba wafadhili, hapo nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii halmashauri mkasajili kikundi cha kijamii, au NGO chini ya sheria namba 24 ya 2002, unaweza kusajili ngazi ya wilaya tu, sio lazima taifa. Mjue mkisajili kuna taarifa za kila mwaka na ada, kama hamna mtu wa kukaa na makaratasi subirini kwanza.

Picha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto mwenye kamasi na nguo imechanika leo, kesho ana miaka ishirini anaomba kazi na ile picha bado inazunguka. Tuna sheria ya mtoto ya 2009 na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, jiulizeni kama mngekubali mtoto wenu apigwe picha hivyo. Pigeni picha sufuria, risiti, mikono imeshika vikombe, wachangiaji wetu hawajawahi kulalamika. Vilevile hakuna mwanagrupu kukaa peke yake na mtoto, kumsafirisha, kumpa namba ya simu au kumchukua akakae kwake mjini "kumsaidia", hata awe na nia njema. Watu wenye nia mbaya wanapenda sana sehemu kama hizi. Mtoto akiwaambia kitu mkasikia kuna ukatili, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, mwambieni na ustawi wa jamii, msikae kikao cha kusuluhisha.

Kama mnataka kuona kitu kinaweza kufika wapi, angalieni Wawira Njiru wa Kenya, alianza 2012 kwenye jiko dogo Ruiru akiwapikia watoto 25, leo Food4Education inapikia mamia ya maelfu na mzazi bado analipa sehemu yake, mtoto anagusisha kibangili anapata sahani. Wazazi wanachangia kidogo na wengine wanajaza, ni wazo lilelile la nusu debe, tofauti ni ukubwa wa sufuria.

Mkianza sasa, fuateni kalenda ya shamba. Mwezi wa tano mwende kusikiliza na kuongea na kamati, wa sita mkutano wa wazazi, wa saba na wa nane kukusanya mahindi. Siku ya kukusanya pelekeni mzani wa kweli, sio debe la kukadiria maana kuna debe limepigwa chini likaingia ndani na kuna lile la kujaza mpaka linamwagika, na ugomvi wote wa kijiji unaanzia hapo. Kila mzazi aone kilo zake zinaandikwa mbele yake, jina la mtoto, kilo, sahihi au dole gumba. Daftari hilo liwe nakala mbili, moja ikae kwa mwalimu, nyingine kwa mama mmoja wa kamati nyumbani kwake.